Wakfu wa madrasa: Kodi ianzie kwenye paa

UKIPITA katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar, utaziona nyumba ambazo wenyewe walikwisha kufa zamani, lakini kodi zao zingali zinafanya kazi waliyoiagiza. Ni nyumba za wakfu. Mwenye mali aliitoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, akataka pato lake liende msikitini, kwa maskini au kwa walimu wa madrasa. Tangu siku hiyo nyumba haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Msingi wake ni maelekezo ya Mtume kwa Omar bin Khattab kuhusu ardhi yake ya Khaybar: shina libaki, matunda yagawiwe.

Kwa lugha ya biashara, huo ni mtaji usioliwa. Madrasa nyingi zinauhitaji, kwani ada ni ndogo na michango ya Ramadhani haikai muda mrefu. Mwalimu hula kila mwezi.

Kwa hiyo aina ya mali ina uzito wake. Wapo waliotoa mashamba ya minazi na mikarafuu. Nazi huanguliwa mara kadhaa kwa mwaka, hivyo mnazi una afadhali. Mkarafuu huzaa sana msimu mmoja na kupumzika unaofuata, tena Zanzibar mnunuzi ni mmoja tu, shirika la serikali la ZSTC. Shamba la mikarafuu peke yake haliwezi kubeba mishahara. Fremu za maduka zinaweza.

Tuseme nyumba ina fremu tatu, kila moja Sh 200,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh 7,200,000. Toa mwezi mmoja ambao kila fremu itakaa bila mpangaji, inabaki Sh 6,600,000. Msimamizi akichukua asilimia 10, zinabaki Sh 5,940,000. Fedha hizo zinatosha walimu watatu wa Sh 150,000 kwa mwezi, yaani Sh 5,400,000. Kamati yoyote itashawishika kuwaajiri wote watatu, na hakuna mzazi atakayelalamika.

Lakini paa halijalipwa. Ikitengwa robo ya kodi iliyokusanywa, Sh 1,650,000, kwa matengenezo, walimu wanaolipika ni wawili, na Sh 690,000 zinabaki kwa umeme na misahafu. Uamuzi huo ni mchungu, maana watoto wa mwalimu wa tatu wanaonekana leo, na ufa wa dari hauonekani. Nyumba za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko haziyavumilii maji. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo maarufu kuliko yote mjini humo, iliporomoka Desemba 25, 2020 na kuua watu.

Mwanya mwingine ni mpangaji wa zamani anayelipa kodi ya kirafiki iliyopangwa enzi za babu. Kumwongezea huonekana ukatili, ingawa tofauti ile inatoka mfukoni mwa mwalimu.

Nyumba ikishaanguka, kuibadilisha si rahisi. Madhehebu ya Shafi, yenye wafuasi wengi pwani, yana masharti magumu kuliko ya Hanafi kuhusu kuuza wakfu na kununua mali nyingine. Dawa iko kwenye hati yenyewe: fungu la matengenezo litajwe kabla ya mishahara, kodi ipitiwe kila baada ya miaka michache, na mkaguzi wa hesabu asiwe ndugu wa msimamizi.