Maumbo Yaliyoungana na Mwendo Mmoja: Uhuishaji wa Cherehani kwa CSS

Utangulizi

Wanafunzi wa fasihi wanaijua vyema tashihisi, ambayo pia huitwa uhuishi: kitu kisicho na uhai hupewa sifa za kiumbe hai. Katika taaluma ya kompyuta, neno la mzizi huo huo, uhuishaji, hutumiwa kwa maana ya kuipa picha mwendo. Makala haya yanaeleza namna maumbo yaliyoungana yanavyosogezwa pamoja katika ukurasa wa tovuti kwa kutumia CSS, yaani lugha inayoeleza mwonekano wa ukurasa. Hoja yake kuu ni kwamba ugumu wa kazi hii haumo katika amri zake za Kiingereza. Umo katika uhusiano wa maumbo yenyewe, na uhusiano huo unaelezeka kwa Kiswahili.

Usuli

CSS ilipendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994, na toleo la kwanza likaidhinishwa na shirika la W3C mwaka 1996. Ilihusu zaidi rangi, herufi na nafasi. Rasimu ya kwanza ya W3C kuhusu uhuishaji ilitolewa mwaka 2009. Kwa upande wa Kiswahili, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya Jambo OpenOffice mwaka 2004, na kuthibitisha kwamba menyu za kompyuta zinaweza kusomeka kwa Kiswahili. Hata hivyo, kutafsiri jina la kitufe ni jambo moja. Kueleza utendakazi ni jambo jingine.

Tumchukue mwanafunzi wa Sironga, katika Kaunti ya Nyamira. Nyumbani huzungumza Ekegusii, Kiswahili hukisoma kama somo, na kuanzia darasa la nne masomo mengine hufundishwa kwa Kiingereza. Akielezwa uhuishaji kwa Kiingereza pekee, anaweza kuzikariri amri zote, kisha asijue kwa nini gurudumu lake limeng'oka likatoka nje ya picha. Ufafanuzi ufuatao unatumia chombo anachokifahamu, yaani cherehani ya miguu.

Mzazi, mtoto na kitovu

Katika cherehani, fundi hukanyaga kikanyagio; fimbo hupokea msukumo na kuzungusha gurudumu kubwa; mkanda huzungusha gurudumu dogo la juu; nayo sindano hupanda na kushuka. Katika ukurasa, kila sehemu ni kisanduku. Kisanduku kilichowekwa ndani ya kingine huitwa mtoto, na kile cha nje mzazi. Mzazi akizunguka, mtoto huzunguka naye bila kuamrishwa.

Kanuni hii haiwezi kuwa ngeni kwa mwanaisimu. Katika upatanisho wa kisarufi, nomino ikibadilika, viambishi vinavyoitegemea hubadilika pia: kitabu changu kimepotea, vitabu vyangu vimepotea. Msemaji wa Ekegusii, anayetofautisha omonto na abanto, anaijua kanuni hiyo tangu utotoni.

Jambo la pili ni kitovu, yaani nukta ambayo umbo huizunguka. Kisanduku kisipoelekezwa vingine huzunguka katikati yake. Hilo linalifaa gurudumu, lakini haliifai fimbo, ambayo imeshikwa kwenye ncha. Kwa hiyo fimbo huwekewa kitovu kwenye ncha yake ya juu kwa amri ya transform-origin. Kosa la kitovu ndilo hung'oa maumbo mengi.

Muda

Maumbo yanayoendeshana hayana budi kupatana kwa muda. Tuseme gurudumu kubwa huzunguka mara moja kwa sekunde 4, na kipenyo chake ni mara nne ya kile cha gurudumu dogo. Mkanda usipoteleza, gurudumu dogo litazunguka kwa sekunde 1. Sindano hushuka na kupanda mara moja katika kila mzunguko huo, hivyo itachukua nusu sekunde kushuka na nusu sekunde kupanda. Kikanyagio kitashuka kwa sekunde 2 na kupanda kwa sekunde 2. Aidha, magurudumu yapewe mwendo sawa kwa neno linear. La sivyo, kivinjari kitayapunguzia kasi mwishoni mwa kila mzunguko, nayo yataonekana kusitasita.

Fimbo yenye wakuu wawili

Tatizo kubwa ni fimbo, kwa kuwa imefungwa juu kwenye gurudumu na chini kwenye kikanyagio, ilhali katika ukurasa mtoto ana mzazi mmoja tu. Hali hii inafanana na kuunganisha nomino za ngeli tofauti, kama mtu na mzigo wake, kisha kutafuta kiambishi cha kitenzi: kanuni ya kawaida haitoshi, na mtumiaji hana budi kuamua.

Uamuzi wenyewe ni huu. Fimbo ifanywe mtoto wa gurudumu, kisha izungushwe kinyume kwa muda ule ule ili isipinduke. Hapo itabaki wima, lakini ncha ya chini itayumba pembeni na kuachana na kikanyagio. Ikiwa fimbo ina urefu wa vipimo 100 na imefungwa vipimo 20 kutoka katikati ya gurudumu, inahitaji kuinama kwa takriban nyuzi 11.5 inapofika upande wa kulia au wa kushoto. Hivyo, katika vituo vya asilimia 0, 25, 50, 75 na 100 vya mzunguko, fimbo hupewa nyuzi 0, -78.5, -180, -281.5 na -360. Ncha ya chini itabaki karibu kabisa na mahali pake.

Hitimisho

Imebainika kwamba amri za CSS ni chache, na zitabaki kwa Kiingereza popote zinapoandikwa. Kinachomtatiza anayejifunza ni nani anamfuata nani, anazunguka wapi, na kwa muda gani. Maswali hayo matatu yana majibu kwa Kiswahili, tena kwa maneno ya kawaida: mzazi, mtoto, kitovu, muda. Wanafunzi wa Kiswahili wasiwaachie wataalamu wa kompyuta peke yao kazi ya kueleza. Istilahi hukaa kamusini hadi itakapotumika kumwonyesha mtu jambo ambalo hakulielewa.