Kombe la mfanyabiashara: je, fedha hurudi?

Mfanyabiashara wa Ipinda au Kyela mjini anazijua barua za kuomba ufadhili: jezi, mpira na kombe la kata. Wengi hutoa ili wasionekane wabahili. Ni vyema kwanza kupiga hesabu.

Mfano tunao hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1926 timu za soka za Kenya na Uganda zilianza kuwania Kombe la Gossage. Tanganyika ilijiunga mwaka 1945 na Zanzibar mwaka 1949. Gossage hakuwa gavana. Lilikuwa jina la kiwanda cha sabuni cha Widnes, Uingereza, kilichotumia mawese, mafuta yale yale yanayokamuliwa Kyela. Kiwanda kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, lakini jina liliendelea kutajwa viwanjani hadi miaka ya 1960. Leo mashindano hayo ni Kombe la Chalenji la CECAFA.

Katika tenisi, Mmarekani Dwight Davis alinunua kombe la fedha mwaka 1900 ili timu za wanaume za mataifa zishindanie. Mashindano yalikuwa na jina rasmi refu, ila watu waliyaita Kombe la Davis, na ndivyo yanavyoitwa mpaka sasa. Kwa miaka mingi timu mbili zilikutana katika nchi ya mmojawapo, siku tatu, na wauza vyakula na wenye nyumba za wageni wa mji huo wakapata wateja. Mwaka 2018 kampuni ya Kosmos, ya mwanasoka Gerard Piqué, iliahidi dola bilioni 3 kwa miaka 25, na hatua ya mwisho ikakusanywa mahali pamoja. Januari 2023 mkataba ulivunjika.

Turudi nyumbani. Tuseme unatengeneza sabuni ya mawese na kila mche unakupa faida ya Sh200. Ukitumia Sh600,000 kwa mashindano, lazima uuze miche 3,000 zaidi ya kawaida ndipo fedha irudi. Kama huna mawese ya kutosha miche hiyo, unatangaza sabuni ya jirani (na jirani hatakushukuru).

Kwa mwenye mashine ya kukoboa mpunga hesabu ni nyepesi, kwa kuwa watazamaji ndio wateja wake. Kwa chama cha msingi cha wakulima wa kakao mambo ni tofauti. Kakao inauzwa mnadani kwa makampuni, na shangwe za Matema hazimfanyi mnunuzi aongeze hata shilingi. Fedha hizo ni za wanachama. Afadhali zinunue maturubai ya kuanikia.

Anayeamua kutoa asikubali mechi zote zichezwe uwanja mmoja. Mechi ziende Ipinda, Matema na Kyela mjini kwa zamu, mama lishe wa kila mahali wauze. Fedha ya jezi ipunguzwe, kombe liwe imara, jina lichongwe. Jezi huchakaa kabla ya msimu ujao.