Ukame na Dhoruba za Vumbi
Maelezo kwa wakulima wa Rusimbi na pwani ya Ziwa Tanganyika

Kila mwaka, mvua zikiisha katika mwezi wa Mei, mkulima wa Rusimbi huona vumbi likipanda njiani na mashambani, na pengine kisulisuli hupita kikichukua majani makavu. Jambo hili ni dogo, nalo hupita upesi. Walakini katika nchi za jangwa huwa kubwa, hata mchana ukageuka giza. Yafaa kufahamu sababu zake, maana kinachopeperushwa na upepo ni unono wa shamba.

Udongo hushikwa na vitu vitatu. Cha kwanza ni maji, ambayo hushikamanisha chembe zake. Cha pili ni mizizi, ambayo huufunga kama kamba. Cha tatu ni majani yaliyo juu yake, ambayo huvunja nguvu za upepo. Ukame huviondoa vyote vitatu. Kwanza unyevu hutoweka; kisha nyasi hufa; kisha ng'ombe na mbuzi, wakitafuta malisho, huvunja kwa kwato zao ganda gumu la juu. Hapo upepo hauna kizuizi.

Upepo ukivuma kwa nguvu, chembe za mchanga huruka chini chini na kuanguka, na kila zinapoanguka huupiga udongo na kufumua vumbi laini. Mchanga hauendi mbali, bali vumbi hupanda juu sana. Vumbi la Sahara huvuka bahari mpaka Amerika ya Kusini.

Katika Kenya ya kaskazini liko jangwa la Chalbi, ambalo zamani lilikuwa ziwa. Tope lake lililokauka ni laini, na upepo mkali upitao kati ya milima ya Ethiopia na ya Kenya huvuma pande hizo. Toka mwisho wa mwaka 2020 mpaka 2022, misimu mitano ya mvua mfululizo ilikuwa haba huko. Malisho yakaisha, mifugo mingi ikafa, na ardhi ikabaki tupu mbele ya upepo.

Wala usidhani kwamba haya ni mambo ya jangwa tu. Huko Marekani wakulima walizilima nyasi za asili za nchi tambarare ili wapande ngano. Mvua zilipokosekana baada ya mwaka 1930, udongo ukaruka. Mwezi wa Mei 1934 vumbi lilifika New York, na tarehe 14 Aprili 1935 wingu jeusi likalifunika jua. Ukame haukuwa jambo geni katika nchi ile. Jambo geni lilikuwa ardhi iliyovuliwa nguo yake.

Kigoma si jangwa, kwani hupata mvua karibu milimita 1,000 kwa mwaka. Lakini shamba lililochomwa moto mwezi wa Julai ni jangwa dogo mpaka mvua zirudi. Upepo wa kusini-mashariki huchukua sehemu ya udongo wake. Sehemu iliyolegea hupelekwa ziwani na mvua za kwanza, ikafunika mawe ambako baadhi ya samaki hutaga mayai.

Kwa hiyo yakupasa kufanya haya:

1. Usichome mabua ya mahindi wala majani ya maharage. Yatandaze shambani.
2. Usiusage udongo mkavu ukawa unga. Acha mabonge.
3. Panda miti mstari upande utokako upepo, wala usikate michikichi ya mpakani.
4. Penye mteremko, fanya matuta ya kukingama.
5. Usiwaache mbuzi wakamaliza majani yote wakati wa kiangazi.

Ukiwa na mashaka, jaribu mwaka huu. Funika nusu ya shamba kwa mabua, na nusu ya pili uiache wazi. Mwezi wa Septemba chimba kidogo kila upande, uushike udongo mkononi, ukaone ni upande upi uliohifadhi unyevu.