Ubalozi Mdogo wa Italia na Marufuku ya Ukamba, 1940

Mnamo Mei 1940, majuma machache kabla ya Italia kuingia vitani dhidi ya Uingereza, serikali ya kikoloni ya Kenya ilipiga marufuku vyama vitatu: Kikuyu Central Association, Taita Hills Association na Ukamba Members Association. Viongozi walizuiliwa Kapenguria. Walidaiwa kuwa na mawasiliano na ubalozi mdogo wa Italia mjini Nairobi.

Dai hilo haliwezi kutenganishwa na matukio ya 1938. Mwaka huo serikali ilitwaa kwa nguvu ng'ombe wa Wakamba wilayani Machakos, ambayo baadaye, 1992, ilimegwa ikazaa Makueni, kwa hoja ya kuhifadhi udongo. Wananchi walitembea hadi Nairobi kumwona Gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alihamishiwa Lamu, ingawa hatimaye uuzaji wa lazima ulisitishwa. Hivyo basi, chama cha Ukamba kilikuwa kimetiliwa shaka kabla ya vita.

Vita vilibadilisha jina la shaka hiyo. Mdai mifugo akaitwa rafiki wa adui, na kwa kuwa kanuni za vita ziliruhusu kizuizi bila kesi, dai hilo halikupimwa mahakamani. Wakati huohuo, vijana wa Kitui na Machakos walijiunga na King's African Rifles, jeshi lililopigana na Waitalia nchini Ethiopia 1941. Wahenga hawakukosea: mdhaniwa ndiye, kumbe siye.