Tangazo Lako Litasomwa na Nani?

Wazee wetu walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Neno hili ni kweli sokoni, mahali ambapo mnunuzi na kitu chenyewe wamekutana ana kwa ana. Lakini mtamba aliye zizini Kinangop hawezi kuonwa na mtu aliye Dagoretti, hata awe mzuri namna gani. Hapana budi habari zake zipelekwe. Habari hizo ndizo tunazoziita tangazo, na vyama vya wakulima katika skimu za makazi hutoa fedha kuziweka magazetini. Makala haya yaeleza jinsi ya kupanga kazi hiyo ili fedha za wanachama zisipotee bure. Nayaandika kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuzipoteza.

KOSA LANGU

Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo. Kabla ya kazi hii nilisomea ualimu, na kwa sababu hiyo watu hudhani kwamba naweza kuandika kila kitu. Mwaka mmoja, katika mwezi wa Novemba, wakulima wa chama kimoja walinijia. Walikuwa na mitamba 14 wenye mimba. Majani yalikuwa yakipungua, kiangazi cha Januari kilikuwa karibu, na wengi wao walikuwa wakingojea fedha za karo. Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja mjane ambaye mtamba wake wa kuuza alikuwa mmoja tu. Mwanawe alitarajia kuingia kidato cha kwanza.

Wakaniambia, "Mwalimu, tuandikie tangazo." Mimi nikajiuliza swali moja tu: ni gazeti gani linalonunuliwa na watu wengi? Hapo ndipo nilipokosea. Niliandika tangazo kubwa lenye picha, kwa Kiingereza cha darasani, nikaliweka siku ya Jumanne katika gazeti kubwa. Likatoka katikati ya zabuni na matangazo ya kazi, na chama kikalipa akiba yake yote.

Simu zilikuja, tena nyingi. Lakini waliopiga wengi wao walikuwa madalali, na vijana wenye vyeti waliodhani kwamba chama chatafuta makarani. Wiki tatu zikapita bila mtamba hata mmoja kuuzwa kwa bei ya haki. Yule mama hakuweza kungoja zaidi. Akampa dalali mtamba wake kwa bei ambayo naona haya kuitaja hapa. Fedha hazikutosha, na mwanawe akachelewa kuingia shule kwa muhula mzima. Mama huyo hakunilaumu. Aliniambia tu, "Mwalimu, ile picha ilikuwa nzuri. Lakini ni nani aliyeiona?"

Sikuwa na jibu. Basi nilipopata safari ya kwenda Nairobi, nilitumia siku moja ya Jumamosi kulitafuta.

WASOMAJI WA MJINI

Nilianza katikati ya mji. Katika barabara ya Moi Avenue wauzaji hutandaza magazeti kando ya njia, na watu husimama mbele yao wakisoma vichwa vya habari bila kununua. Karani wa ofisi hununua lake, akalikunja kwapani na kwenda zake. Karibu na hapo, katika bustani ya Jeevanjee, niliona gazeti moja likizunguka mikononi mwa wazee sita, na kila mmoja akitoa maoni yake. Nikajifunza jambo la kwanza: idadi ya magazeti yaliyouzwa si idadi ya wasomaji, na wasomaji wote si wanunuzi wa ng'ombe.

Bustani hiyo yenyewe yatukumbusha jambo lingine. A. M. Jeevanjee, ambaye jina lake limo katika bustani hiyo, ndiye aliyeanzisha gazeti la African Standard huko Mombasa mwaka 1902. Baadaye liliitwa East African Standard, na mwaka 1910 likahamia Nairobi. Lilisomwa hasa na walowezi na wafanyabiashara. Mwaka 1928 likatokea Muigwithania, gazeti la Kikikuyu, na mhariri wake alikuwa Johnstone Kenyatta, ambaye baadaye alikuwa Rais Jomo Kenyatta. Mwaka 1939 wenye East African Standard wakaanzisha gazeti la Kiswahili liitwalo Baraza, ambalo sasa halipo tena. Kadhalika mwaka 1958 likaanza Taifa, ambalo mwaka 1960 likawa Taifa Leo la kila siku. Katika mwaka huohuo wa 1960, tarehe 3 Oktoba, nyumba hiyohiyo ikatoa Daily Nation kwa Kiingereza.

Fikirini jambo hili. Nyumba moja ya magazeti yatoa gazeti la Kiingereza na gazeti la Kiswahili. Kwa nini isitoe moja tu na kupunguza gharama? Ni kwa sababu wenye nyumba hiyo wajua kwamba wasomaji wao si wa namna moja. Ikiwa wao wenyewe hawakujaribu kusema na watu wote kwa gazeti moja, yatupasaje sisi kujaribu?

KUELEKEA MAGHARIBI

Kutoka mjini nilipanda matatu ya Waiyaki Way, nikashuka Westlands. Huko niliona watu wakitoka dukani na gazeti la Kiingereza la Jumamosi pamoja na mikate na maziwa ya familia. Wengi wa namna hiyo, wa Westlands, Lavington na Karen, wana kazi mjini na shamba mahali pengine. Shamba lao huliendesha kwa simu, na wenzao huwatania kwa kuwaita wakulima wa simu. Siku za kazi hawana nafasi ya kusoma habari za ng'ombe. Jumamosi wanayo. Magazeti yalilijua jambo hilo: Nation walianzisha kurasa za kilimo ziitwazo Seeds of Gold katika toleo lao la Jumamosi, na Standard nao wakawa na Smart Harvest.

Kisha nikaenda Kangemi, na baadaye Kawangware mpaka Dagoretti. Mwendo ni mfupi, lakini wasomaji ni wengine kabisa. Huko wako watu wenye ng'ombe mmoja au wawili nyuma ya nyumba, ambao huwalisha zizini kwa majani ya nepia na kuwauzia majirani maziwa. Katika duka moja la dawa za mifugo nililiona Taifa Leo juu ya meza. Mwenye duka alikuwa amelinunua asubuhi. Nilikaa hapo karibu saa moja, na kila mteja aliyengoja dawa alilifungua. Mmoja alikuwa akitafuta mtamba tangu mwezi uliopita! Nilimwuliza kama aliliona tangazo letu. Akacheka, akasema gazeti lile huliona kwa mbali tu, mkononi mwa tajiri wake.

Hapo nikapata jibu la swali la yule mama. Picha yetu haikuonwa na mtu aliyemhitaji ng'ombe. Wa Dagoretti hawakulisoma gazeti lile, na wa Lavington hawakulisoma siku ile.

MAMBO MATANO YA KUPANGA

1. Mtajeni mnunuzi kabla ya kulitaja gazeti. Katika mkutano wa kamati andikeni: twauza nini, ni nani anayekihitaji, akaa wapi, asoma nini, na siku gani. Ikiwa mnunuzi ni mmoja anayejulikana, kama hoteli au shule inayotaka kabeji kila wiki, gazeti si la lazima. Mwandikieni barua, au mtumeni mjumbe mwenye mfano wa kabeji zenu.

2. Kila msomaji aambiwe neno linalomhusu. Yule wa gazeti la Jumamosi atataka kujua ukoo wa mtamba, jina la fahali aliyemzaa, na kama ameandikwa katika Kenya Stud Book. Yule wa Dagoretti atauliza bei, kiasi cha maziwa ya mama yake, na kama amezoea kulishwa zizini. Mfano wa tangazo la Kiswahili ni huu:

"MITAMBA WA MAZIWA, Friesian na Ayrshire. Mimba ya miezi sita. Wamezoea zizi. Wamepimwa na daktari wa mifugo. Daftari la maziwa ya mama zao lipo. Njoo uwaone mwenyewe Jumamosi, saa tatu asubuhi. Chama chatoa risiti na kusaidia kupata kibali cha kusafirisha mifugo."

Tazameni, hamna neno la kujisifu. Kila neno lajibu swali la mnunuzi. Bei nayo iandikwe, kwani bei iliyofichwa huwaita madalali.

3. Chagueni siku na ukurasa. Ulizeni ofisi ya gazeti ni siku gani yenye kurasa za kilimo, na tangazo lapaswa kuwafikia lini. Msiende siku ya mwisho mkiwa na karatasi mbaya. Tena ombeni kuliona tangazo kabla halijachapwa, maana tarakimu moja ya simu ikikosewa fedha yote imekwisha.

4. Kipimeni kimo cha tangazo. Tangazo la picha hulipiwa kwa sentimita za safu, na tangazo dogo kwa maneno au mistari. Kwa ng'ombe, tangazo dogo lililotoka mara tatu lafaa kuliko kubwa lililotoka mara moja. Mtu husoma leo, hufikiri wiki nzima, kisha hulitafuta tena. Asipoliona hudhani mitamba wamekwisha.

5. Shikeni hesabu. Kila mtu apigaye simu aulizwe, "Umetuona wapi?" Jibu liandikwe katika daftari. Njia rahisi zaidi ni kutumia laini mbili za simu, moja kwa kila gazeti.

Chukueni hesabu ya mfano. Tuseme tangazo la kwanza laligharimu chama shilingi 12,000, likaleta simu 30 na mnunuzi 1. La pili laligharimu shilingi 4,000, likaleta simu 9 na wanunuzi 4. Ni lipi lililofanya kazi? Mtu akitazama simu atasifu la kwanza. Lakini gawanyeni fedha kwa wanunuzi: katika la kwanza, kumpata mnunuzi mmoja ni shilingi 12,000, katika la pili ni shilingi 1,000. Bila daftari hamwezi kuijua tofauti hiyo, na mwaka ujao mtarudia kosa.

TANGAZO LA SHERIA

Liko tangazo ambalo halitafuti mnunuzi. Hati ya shamba ikipotea, Msajili wa Ardhi hutoa tangazo la siku 60 kabla ya kutoa hati nyingine, na matangazo ya namna hiyo huonekana katika Kenya Gazette, gazeti rasmi la serikali. Watu wachache hulinunua dukani, lakini mawakili na mabenki hulitazama, nao ndio wanaopaswa kuona. Hata hapa kanuni ni ileile: aangaliwe msomaji kwanza.

YALIYOFUATA

Mwaka uliofuata nililipeleka shauri hili kwa kile chama. Baadhi ya wanachama walikataa kutoa fedha tena kwa ajili ya magazeti, na walikuwa na haki. Tulikubaliana kuanza kwa kidogo: tangazo dogo la Kiswahili mara tatu, na tangazo dogo la Kiingereza Jumamosi moja. Kwa lile la Kiswahili walikuja watu wa Dagoretti na Uthiru, wakanunua mmoja mmoja, na kila mmoja alimgusa mtamba kiwele kabla ya kufungua mfuko wake. Kwa lile la Kiingereza alikuja mtu mmoja tu kutoka Karen, naye akachukua wanne. Hakuna aliyetumiwa ng'ombe kabla ya fedha kufika, wala aliyelipa kabla ya kumwona ng'ombe.

Mwaka huo yule mama hakuwa na mtamba wa kuuza. Lakini yeye ndiye tuliyempa daftari la simu, na mpaka leo hulishika yeye. Kila amalizapo kusema na mtu huandika jina, mahali anapotoka, na gazeti alilosoma. Kamati ikitaka kuweka tangazo jipya, haiji kwangu kwanza. Huenda kwake kuuliza ni nani waliokuja mara ya mwisho.

Basi, wakulima wenzangu, fedha za chama ni jasho la watu wengi, na wengine wao wana mtamba mmoja tu. Kabla ya kumlipa mwenye gazeti hata shilingi moja, kaeni katika kamati na mjibu kwa majina na mahali: ni nani atakayeliona?