Nili na Gundi ya Mchele: Kutia Vitambaa Rangi kwa Njia ya Kijapani



Katika miji mingi hapa Marekani, vituo vya sanaa huwa na madarasa ya kutia vitambaa rangi ya nili kwa njia ya Kijapani. Baadhi ya akina mama wameniuliza kama darasa la namna hiyo linamfaa mtu ambaye Kiingereza chake bado ni kidogo. Linamfaa, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hii unajifunza kwa kutazama mikono ya mwalimu. Ila ni vizuri uielewe kazi yenyewe kabla ya kutoa pesa yako, na ujue inavyoweza kukuletea hasara katika nyumba ya kupanga.

Wazo lake

Aliyewahi kutengeneza batiki analijua tayari. Panapofunikwa na nta, rangi haiingii. Katika njia hii ya Wajapani, mahali pa nta panachukuliwa na gundi ya mchele. Kule Nigeria, Wayoruba hufanya kazi inayofanana na hiyo kwa wanga wa muhogo na nili, na kitambaa chao huitwa adire.

Wajapani wana njia mbili kuu. Katika *katazome*, gundi hupakwa juu ya karatasi ngumu iliyokatwa matundu ya maua au michoro. Karatasi hiyo hutengenezwa kwa nyuzi za mforsadi na kupakwa maji ya tunda la pasimoni ili isilowe upesi. Katika *tsutsugaki*, gundi hutiwa ndani ya koni, kama ile ya kupambia keki, na fundi huchora kwa kuikamua.

Gundi

Huchanganywa unga wa mchele wa kunata na pumba laini za mchele. Unga huo unauzwa katika maduka ya vyakula vya Kiasia, na mara nyingi pakiti huandikwa *mochiko*. Mchanganyiko hukandwa kwa maji, hufinyangwa kama maandazi yenye tundu katikati, kisha hupikwa kwa mvuke karibu saa moja. Baada ya hapo husongwa kwa nguvu, na huongezwa chumvi na chokaa kidogo. Chumvi huzuia gundi isikauke na kupasuka. Mwenye mkono uliozoea kusonga ugali hapa hatapata shida.

Nili

Huko Tokushima, Japani, majani ya mnili huvunjwa maji na kugeuzwageuzwa kwa siku kama 100 mpaka yaoze vizuri. Kisha huchachushwa katika pipa pamoja na maji ya majivu. Kuchachusha ni lazima, kwa sababu nili haiyeyuki katika maji ya kawaida. Ndani ya pipa lililo tayari, maji huwa ya kijani-njano. Kitambaa hutoka na rangi hiyohiyo, kisha hewa inapokigusa hugeuka bluu mbele ya macho yako. Madarasani wengi hutumia nili ya unga na dawa ya kuiyeyusha, ili pipa liwe tayari siku hiyohiyo.

Hatua za kazi

1. Chagua pamba au kitani. Poliesta haishiki nili vizuri. Fua kwanza ili kuondoa wanga wa kiwandani.
2. Weka karatasi ya michoro, paka gundi, inua karatasi, acha gundi ikauke kabisa.
3. Chovya kwa muda mfupi katika nili iliyopoa. Ikiwa ya moto, gundi itayeyuka na mchoro utapotea.
4. Toa kitambaa, kikae hewani hadi kiwe bluu, kisha chovya tena. Bluu iliyokolea hutokana na kuchovya mara nyingi. Kukiacha ndani muda mrefu huilegeza gundi.
5. Mwisho, loweka katika maji baridi hadi gundi ilainike na kudondoka yenyewe. Usisugue.

Gundi ikipakwa upande mmoja tu, upande wa pili utaingia bluu. Hujaharibu kitu, ndivyo inavyokuwa.

Kabla ya kujaribu nyumbani

Nili ikiingia kwenye zulia au kwenye beseni la bafuni, ni vigumu sana kuitoa, na mwenye nyumba anaweza kukata gharama kwenye amana yako. Fanyia kazi nje, na uombe ruhusa kama uwanja ni wa wote. Chokaa na dawa za kuyeyusha nili huunguza ngozi na macho. Vaa glavu, weka watoto mbali, na usitumie tena kwa chakula sufuria wala mwiko uliotumia kwa rangi.

Ukianza kuuza, na familia yako inapata msaada wa chakula au wa kodi ya nyumba, njoo tuzungumze kwanza. Pesa ya mauzo ni kipato, na kuna taratibu za kukitaja. Barua ya kudaiwa huja miezi mingi baadaye, wakati pesa imeshatumika.

Ni ujuzi

Tunapojaza fomu za kazi, wengi mnaniambia niandike kwamba hamna ujuzi wowote, nanyi mmeshona, mmesuka na mmetia rangi vitambaa miaka mingi. Mwaka 1956 serikali ya Japani ilimpa Serizawa Keisuke heshima ya kuitwa Hazina Hai ya Taifa, na kazi yake ilikuwa hii ya karatasi za michoro na gundi ya mchele. Kwa hiyo, uliyejifunza batiki kabla ya kuja hapa, tutaiandika kwenye fomu. Na ukipata darasa la nili karibu nawe, tuambie mapema. Tutakusaidia kujiandikisha, na kuuliza kama wana nafasi za bei nafuu kwa wenye kipato kidogo.