Shoti ya Elfu Ishirini na Saba

Wiki yangu ya kwanza kama msimamizi wa zamu, kwenye supamaketi moja ya Dar es Salaam, keshia wa kaunta namba tatu alifunga hesabu akakutwa na shoti ya shilingi 27,000. Mimi nilikuwa nimekabidhiwa funguo za stoo, kalkuleta na daftari la zamu. Mafunzo yalikuwa neno moja la meneja: "Utazoea." Sikujua shoti inatafutwaje, basi nikatafuta mtu. Keshia mwenyewe alikuwa mama wa rika la mama yangu, niliyekuwa namwamkia shikamoo kila asubuhi. Nikaandika jina lake, akasaini huku machozi yanamlengalenga, na mwisho wa mwezi akakatwa.

Baadaye mhasibu wetu, mzee aliyeanza kazi enzi za madaftari, akaniuliza kama nilijaribu kugawa kwa tisa. Nikadhani ananitania. Tofauti ya hesabu ikigawanyika kwa tisa bila kubaki kitu, akanieleza, kabla hujamshika mtu kwanza angalia kama kuna tarakimu zimepinduana. Ishirini na saba elfu inagawanyika. Tukafungua daftari. Fungu la noti la 63,000 lilikuwa limeandikwa 36,000, na mwandiko ulikuwa wangu. Pesa zenyewe zilikuwa kwenye sefu muda wote, zimeingizwa kama ziada isiyo na mwenyewe.

Sasa nafundisha wasimamizi wapya wa maduka, na wengi wanaanzia pale pale nilipoanzia. Kosa likitokea wanauliza "nani?" kabla ya kuuliza "limeingilia wapi?" Siwalaumu sana. Asiyejua njia ambayo pesa na bidhaa hupitia dukani, atafanya nini zaidi ya kukazia macho watu?

Shoti zina tabia zake, na kiwango chake mara nyingi kinakuonyesha pa kuanzia. Ikilingana sawasawa na risiti moja, tuseme 18,500, kachungulie malipo ya simu: huenda mteja alilipa kwa Lipa Namba na keshia akabonyeza "taslimu". Ikiwa ni namba iliyonyooka, kama 5,000, mashaka yangu yanakwenda kwenye chenji. Ndogondogo za kila siku, mia mbili hapa, mia tatu pale, kwa kawaida ni uhaba wa sarafu: keshia hana mia, anamwachia mteja. Huyo hahitaji barua ya onyo, anahitaji aanze zamu na sarafu za kutosha.

Na hata kosa likiwa kweli la keshia, kumkata hakumalizwi kwa sahihi ya usiku mmoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inataka hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi akiwa kazini, aelezwe kwa maandishi sababu na jinsi kiasi kilivyopatikana, apewe nafasi ya kupinga, na akubali kwa maandishi. Makato hayazidi hasara halisi, wala hayazidi robo ya ujira. Hakuna aliyeniambia. Nadhani meneja wangu naye hakuambiwa.

Sheria hiyo hiyo inagusa ratiba ya zamu, karatasi ambayo msimamizi mpya huinakili kutoka kwa aliyemtangulia bila kuisoma. Duka linafungwa saa nne usiku, linafunguliwa saa moja asubuhi. Ukimpanga mtu kufunga leo na kufungua kesho umempa saa tisa, na humo kuna daladala ya kurudi, kula, kulala na daladala ya kuja. Sheria inataka saa 12 mfululizo kati ya zamu na zamu, isipokuwa kwa hali chache zenye makubaliano ya maandishi. Mimi bado sijaona shoti nyingi kama za mtu aliyefunga jana.

Njia ya bidhaa ni ngumu zaidi kuiona, maana huko kosa halipigi kelele. Chukua yogati. Mteja ana vikombe vinne, viwili vya stroberi, viwili vya vanila, bei moja. Foleni ni ndefu. Keshia anaskani kimoja cha stroberi na kubonyeza nne. Pesa ziko sawa, risiti ya EFD, mashine ya kodi, imetoka, ripoti ya Z ya kufunga mauzo ya siku haina neno. Ila kompyuta sasa inaamini vanila mbili bado zipo. Rudia hivyo mwezi mzima: rafu ya vanila ni tupu, kompyuta inahesabu ishirini, na kwa kuwa "zipo" haiagizi nyingine. Mteja anaambiwa zimekwisha, meneja anaambiwa hazinunuliki. Nicole DeHoratius na Ananth Raman, katika utafiti wao uliochapishwa 2008, walipitia kumbukumbu karibu 370,000 za bidhaa kwenye maduka 37 Marekani. Takriban asilimia 65 hazikulingana na kilichokuwapo dukani.

Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu kazi ya asubuhi ni kutembea. Simama mbele ya kila nafasi tupu kwenye rafu, uliza kompyuta inasema zipo ngapi, kisha nenda stoo kahesabu kwa mkono.

Wengi hawatembei, kwa sababu wamekimbilia wanachokijua. Foleni ikirefuka wanakalia kaunta wenyewe. Gari la mzigo likifika wanabeba maboksi. Wanasifiwa kwa uchapakazi, na muda huo wote duka halina msimamizi. Huu si ugonjwa wa kwetu tu. Mwaka 2019 Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue walichapisha utafiti kuhusu wauzaji wa kampuni za Marekani: hodari ndio waliopandishwa, na uhodari mkubwa zaidi wa kuuza uliendana na uongozi dhaifu zaidi, ukipima kwa mauzo ya walio chini yao.

Dawa ninayoiamini ni ya zamani. Mwaka 1940 Marekani ilianzisha mpango wa mafunzo wa TWI kwa ajili ya viwanda vilivyokuwa vikijiandaa kwa vita, ambako wasimamizi wapya walihitajika haraka mno. Somo la kufundisha kazi lilikuwa la saa kumi tu, vipindi vitano vya saa mbili, na baada ya vita Wajapani walilipokea kwa mikono miwili. Unamtayarisha mtu, unamwonyesha kazi huku ukimweleza kwa nini, anaifanya yeye huku akikueleza wewe, kisha unamwacha na kurudi kumwangalia. Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa madukani kwetu. "Umeelewa?" "Ndiyo, bosi." Basi, yamekwisha.

Kwa mtu aliyekuzidi umri hatua hiyo inataka adabu. Huwezi kumwambia mama wa miaka hamsini "hebu nionyeshe kama unajua". Unasema, "Shikamoo mama. Naomba tupitie pamoja, nami nisikosee." Hayo nimejifunza kwa kuchelewa.

Mama wa kaunta namba tatu alirudishiwa pesa zake. Nilikwenda kumwomba radhi wakati wa mapumziko ya mchana, akiwa anakula chipsi kwenye ngazi za nyuma. Hakunigombeza. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Kwani mwanangu, siku ile ulizihesabu mbele yangu?"

Nilikuwa nimezihesabia ofisini, peke yangu, mlango umefungwa.